Usikubali Kupozwa kwa Maji

Mikumi, kwenye kibanda cha uhunzi,
alasiri

Zena mwanangu,

Hali yako siiulizi. Nimeiona kwa macho yangu saa nane hii ulipotoka hapa mbio kwenda kumuaga shangazi yako, kanga imekuponyoka begani na wala huna habari. Una furaha mpaka huoni unapokanyaga. Nimeacha mvukuto, nimewaambia madereva wawili warudi kesho kutwa, nimekaa kwenye gogo kando ya fuawe na daftari lako la zamani lililobaki kurasa. Mkono wangu umezoea nyundo, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kufunga sanduku kwa kamba, mama yako ameyamaliza, mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni mwaka mzima. Juzi uliniambia mbele ya mama yako, "Baba, nakwenda miaka miwili tu, halafu narudi Kilosa kwenye nafasi yangu ya ualimu. Siwezi kukuacha, wewe ndiye uliyenipigania." Na fomu ya kushikiwa nafasi umeshaijaza, iko mkobani mwako, unasema utaiposti ukifika Dar es Salaam. Zena, huyo mtu unayetaka kumrudia humjui. Kuna kitu nilikufanyia, na kabla hujaiposti fomu hiyo lazima ukijue, hata kama ukikijua utanichukia. Nitakisema humu humu. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikikisema kikavu hutaelewa ubaya wake.

Jumapili alikuja baba yako mdogo, Hamisi. Unamjua, hajaketi vizuri kashaanza. "Kaka, nasikia mtoto anakwenda Ulaya kusomea moto. Moto ndani ya kompyuta! Kwani hapa kwetu moto umekwisha?" Nikamwambia anywe chai. "Na yule mchumba wa Morogoro je? Na kazi ya serikali aliyo nayo mkononi? Mwanamke wa miaka ishirini na tano!" Ala! Damu ikanichemka. Nikamuuliza, "Hamisi, ukiwa na lori moja na vijiji ishirini vya kununua mazao, utapita vipi?" Akasema, "Naanzia cha karibu, halafu kilicho karibu na hicho, naendelea hivyo hivyo." Nikamwambia ndiyo maana hana lori.

Aliondoka hajamaliza chai. Akasirike! Swali lile ulinifundisha wewe, likizo yako ya mwisho ya chuo. Biashara ya mazao ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye gari kageuka mfanyabiashara, na hapa kwangu walipanga foleni na springi zilizokatika. Ulichukua chaki ukachora juu ya bati: vitunguu vya Lumuma, mahindi ya Mvumi, maharage ya Mamboya, na vijiji vyote vya katikati, barabara zake na vilima vyake. Ukaniambia njia za kuvizunguka ni nyingi mno, hata ukikaa kuzihesabu maisha yako yote na ya wajukuu zako hutazimaliza. Mtu wa kawaida huchukua njia yoyote, akawa anaibadilisha kidogo kidogo, akikubali kila badiliko linalofupisha safari na kukataa mengine yote. Mwisho anafika mahali ambapo kila badiliko dogo linaonekana baya. Hapo anasimama, anasema nimefika. Kumbe yuko kwenye kishimo tu, na bonde lenyewe liko ng'ambo ya kilima.

Nikakuuliza, "Sasa huyo unamtoaje?"

"Kwa moto, baba."

Nilikutazama nikadhani chuo kimekuharibu. Ukanieleza kwamba kompyuta inapewa joto la hesabu, joto lisilounguza kidole. Likiwa kali, mashine inaruhusiwa kukubali hata njia iliyo mbaya zaidi, irudi nyuma, ipande kilima, ihangaike. Kisha joto linashushwa pole pole, na kadiri linavyoshuka ndivyo inavyozidi kuchagua, mpaka inatulia mahali pazuri kweli. Ukilishusha kwa pupa, inanasa popote ilipo.

Nilicheka mpaka nyundo ikaniponyoka. "Zena, hilo si pipa langu la majivu, ninamozika chuma kipoe pole pole?" Ukasema, "Ndilo, baba. Wamewaibia wahunzi."

Nikakuuliza basi unataka kwenda kusoma nini tena, kama wahunzi tumeshamaliza kila kitu. Ndipo ulipoanza habari za kwanta. Kwamba vitu vidogo kabisa, vidogo kuliko vumbi la makaa, vina tabia ambayo mawe na chuma havina, na wako watu wanaowaza kuvitumia kuundia kompyuta. Vikikuta kilima kati ya shimo na shimo, si lazima vipande ndipo vishuke. Wakati mwingine vinajikuta tu viko ng'ambo. "Aa, vinatoboa!" nikasema. Mimi ni mtoto wa reli, bwana. Babu yako alitoka Unyamwezi na nguo moja mwilini kuja kufanya kazi kwenye reli hii, handaki nalijua. "Tuseme vinatoboa," ukanijibu, "ila hakuna anayechimba." Ukasema unataka kusoma joto na kwanta pamoja, ujue wapi kupanda kunalipa na wapi kutoboa. Na mashine yenyewe je? Haijajengwa, ulisema, kwa sasa iko kwenye karatasi. Nilijivuna wiki nzima. Kila dereva aliyekuja kuchomelea kitu nilimweleza, mpaka wakawa wananikwepa.

Majivu hayo nilifundishwa karakana ya reli pale Kilosa, na fundi mmoja mzee asiyependa maneno. Chuma kikishapigwa alikirudisha motoni mpaka kikawa chekundu cha kuiva, akakizika kwenye pipa la majivu ya pumba za mpunga, akafunika, na ole wako ukikifunua kabla ya kesho yake. Siku moja nikathubutu kumuuliza kwa nini. Akaniambia chuma kikipigwa kinabaki na uchungu ndani, kila chembe imekaa pasipo pake. Kipe moto, zilegee. Halafu zipe muda, kila moja ijitafutie mahali. Ukikitia maji, kila chembe inaganda pale ilipokutwa, na uchungu wake. "Kwa nje kitakuwa kigumu, utajisifu," akasema, "lakini ndani hamna kitu." Nadhani hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

Wakati wa kupunguza wafanyakazi ulipofika tukasomewa majina, na langu likawemo. Nikarudi nyumbani na nyundo moja. Nilikaa Kilosa miaka miwili natengeneza majiko ya mkaa, siipendi ile kazi hata kidogo, lakini tulikula, nikasema basi, hapa ndipo riziki yangu ilipo. Mama yako ndiye aliyenifukuza. "Malori yako Mikumi, wewe uko hapa unakunja mabati!" Unakumbuka miezi sita ya lile turubai kando ya barabara kuu, tembo wakipita jirani, wewe unalia unataka kurudi kwa bibi? Hali ilikuwa mbaya kuliko ile tuliyoiacha. Kisha ikawa nzuri. Na mimi sikujifunza lolote, nilidhani ni bahati.

Halafu lile la mzee Masanja. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuandikia kwamba ameumia mguu, sikukuandikia ni nani aliyemuumiza. Masanja alikuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akalima mpunga, akataka mkokoteni. Akaniletea kipande cha ekseli ya lori nizitengeneze ncha zake ziingie kwenye magurudumu. Nilimaliza kuigonga saa tano asubuhi. Ilipaswa kulala majivuni mpaka kesho. Lakini palikuwa na madereva watatu wamekaa wananitazama, "Fundi, mkono wako mwepesi kweli!" na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikataka kujionyesha. Nikaichovya kwenye ndoo ya maji. Mvuke ukapanda, wakapiga makofi. Masanja akaondoka na ekseli yake mchana ule ule, akinishukuru kwa mikono miwili.

Wiki ya tatu ekseli ilikatika akivuka korongo na magunia, mkokoteni ukamlalia mguu. Alipoweza kutembea kwa fimbo alikuja hapa, akaviweka vipande viwili chini mbele yangu, akaketi. Nilipatazama pale palipokatika, chembe kubwa kubwa zinang'aa kama chumvi ya mawe. Nikaanza, "Unajua mzee, njia za huko..." Akanikata. "Fundi, sikuja kuzungumza habari za njia." "Nitengenezee nyingine," akaendelea. "Safari hii nitakaa nayo." Na kweli alikaa! Nilipoizika majivuni alivuta kigoda karibu na pipa, asubuhi mkewe akamletea uji, hakuondoka mpaka nilipoifunua akaishika kwa kiganja na kuona imepoa. Ekseli hiyo inabeba mpunga mpaka leo. Mguu wake haukurudi kama zamani.

Kwa hiyo somo nilikuwa nalo, tena nimelipata kwa mguu wa mtu mwingine. Na bado nikaenda nikakufanyia wewe kile kile.

Mwaka jana, ulipomaliza chuo, barua yako ya kwanza kutoka Ulaya ilifika. Ilifika, Zena. Haikupotea. Nilikwenda posta mwenyewe, nikafungua sanduku, nikaona stempu ya kigeni na jina lako, nikaifungua pale pale nje juani. Kiingereza changu ni cha karakana, lakini kwamba wamekukubali nilielewa, na kwamba masomo watakugharamia wao nilielewa. Wiki ile ile mkuu wa shule Kilosa alikuwa ameniambia nafasi ya mwalimu wa hesabu ipo, ukiitaka. Nikasimama na karatasi mkononi. Upande mmoja kulikuwa na kitu kizuri kilicho hapa, nakiona, nakigusa. Upande wa pili kulikuwa na mashine ambayo haijajengwa. Nikaikunja barua yako, nikaja nayo hapa, nikaitia kwenye kasha la vifaa chini ya tupa za zamani.

Uliniuliza mara tatu. "Baba, posta hakuna kitu?" Nikakujibu, "Hakuna, mama." Baada ya mara ya tatu ulikwenda mwenyewe, ukamgombeza yule karani wa posta mbele za watu, ukamwambia anakula barua za wenzake, na yule maskini akaapa mpaka machozi yakamlengalenga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikakushika mkono, nikasema, "Twende mwanangu, labda hawakuandika." Mpaka leo nikimwona yule karani sokoni nabadilisha njia.

Sitakuambia nilifanya vile kwa sababu nakupenda. Niliogopa, basi. Niliogopa kukukosa. Niliogopa Hamisi atanicheka ukishindwa. Na zaidi ya yote niliogopa kwamba hutashindwa, na kwamba huko utakakofika mimi sitakuwa na la kukuambia.

Ukaenda kufundisha, na mimi nikapongezwa barabarani, hongera fundi, binti mwalimu! Siku moja nilikwenda Kilosa bila kukupa habari, nikasimama kwenye dirisha la darasa lako. Mtoto mmoja alikuuliza swali la ajabu ajabu, la namna ile uliyokuwa ukinisumbua nayo mimi hapa huku unavuta mvukuto. Ukamwambia, "Kaa chini, hilo halimo kwenye mtihani." Loh! Nikajua hiyo ni kazi ya mikono yangu, nimekukuta wa moto nikakuchovya majini. Nikarudi Mikumi bila hata kukusalimu, na wewe mpaka leo hujui kwamba nilikuja.

Na hata hapo sikusema. Nilikuwa na barua kashani, ningeweza kukuletea kesho yake. Sikukuletea. Ukaandika tena mwenyewe, ukatumia sanduku la posta la shule, wakakujibu, ukaja hapa unapiga kelele tangu barabarani, na mimi nikarukaruka na wewe kama mtu mwenye haki ya kuruka. Akina Hamisi walipokuja kukupinga niliwapigia meza, vikombe vikamwagika, ndipo uliposema nimekupigania. Meza niliipiga kweli, na wakija tena nitaipiga tena. Lakini niliyekuwa nampigia kelele siku ile ni mimi mwenyewe wa mwaka jana.

Mama yako nilimwambia jana. Hajanisemesha mpaka sasa; chakula ananiwekea, ananipa mgongo.

Sasa ile fomu. Leo asubuhi ulipokuwa unaoga niliuendea mkoba wako niitoe nikaichome hapa motoni, ili usirudi. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye zipu ndipo nikashtuka. Huyu mzee hafundishiki! Ningekuwa nimekuamulia kwa siri mara ya pili, tena nikijiona shujaa. Fomu iko pale pale. Ukiitaka Kilosa kwa sababu ni yako, na wale watoto ni wako, iposti kwa moyo mweupe. Huitaki, itupe. Ila usirudi kwa kulipa fadhila ya baba, maana fadhila hiyo haipo na haikuwahi kuwepo.

Na huko uendako usimwinamie mtu. Watakuuliza Kilosa ni wapi na Mikumi ni wapi, na wengine watakuuliza kwa namna ya kukupunguza. Waambie ni mahali ambapo watu walijua kukipoza chuma kabla kompyuta haijazaliwa, halafu endelea na hesabu zako. Watakuletea kizuri cha kwanza kwenye sahani, kazi, sifa, mume, swali jepesi la utafiti, wakuambie tulia hapa. Kikiwa ndicho unachokitaka, chukua, sikukatazi. Lakini anayekuharakisha uwe umbo analolitaka yeye, mkatalie, hata akiwa anakupenda, hata akiwa ni mimi. Mwambie bado nina moto. Kosea, rudi nyuma, panda vilima vibaya mpaka uchoke. Na ikionekana mwisho wake kwamba hiyo mashine ya kwanta haijengeki, njoo na jibu hilo hilo, uso juu. Hamisi niachie mimi.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kwenye dirisha la basi, gari likianza kuondoka. Ingekuwa rahisi mno kwangu. Ungelia au kunilaani huko mbele ya safari, na mimi ningekuwa hapa stendi napunga mkono kama baba mwema. Thubutu! Nakupa asubuhi, mezani, chai ikiwa bado ya moto na basi likiwa limebakiza saa mbili. Barua yao ya mwaka jana nimeiambatisha nyuma ya hii, tarehe yake utaiona mwenyewe. Sitajifanya nakwenda kuchota maji. Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka huu niko kwenye kiti cha mbele yako, na mama yako yuko mlangoni. Sanduku lako nitalibeba mimi mpaka stendi, ukikubali nilibebe. Usipokubali nitakufuata kwa nyuma, maana hata ukinichukia, hilo basi lazima ulipande.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Umemaliza kusoma. Inua uso, Zena, unitazame, useme.

Baba yako